Namba Sita za Asubuhi

Mume wangu ana ugonjwa wa fomu. Mtu mwingine akipewa karatasi yenye nafasi za kujaza huikunja akaitia mfukoni mpaka siku ya mwisho. Yeye hufuta meza, huosha mikono, kisha huomba kalamu nyeusi na rula. Ni dereva wa lori, mwaka wa ishirini na sita huu yuko barabarani, na kila penye mizani au mpaka madereva wenzake humtafuta awajazie makaratasi yao. Wamempa jina la Karani. Ukiuona mwandiko wake huwezi kuamini kwamba mkono huohuo ndio unaobadilisha matairi.

Mimi na fomu hatupikiki chungu kimoja. Nikiulizwa jina langu mara mbili kwenye ukurasa mmoja, damu inachemka. Kwa hiyo nyumbani kwetu mambo yalishapangwa zamani: fomu za shule za watoto, za maji, za umeme, za kliniki, zote hujaza yeye, na penye nafasi ya namba ya simu huandika yake. Anasema namba yangu haina msimamo. Ni kweli simu zangu tatu zimekufa maji ndani ya mfuko wa aproni, na kila ilipokufa moja nilinunua na laini mpya, kwa sababu kurudishiwa ile ya zamani kunataka ujaze fomu.

Aproni yenyewe ni ya kazini. Niko hospitali, kwenye chumba cha kutakasa vyombo vya upasuaji. Mikasi, koleo na visu hutufikia vikiwa na damu, na hutoka vimefungwa kwenye vitambaa, safi kiasi kwamba niko radhi kuviapia. Katikati ya chumba kuna mashine kubwa ya mvuke tunayoiita Bosi, kwa kuwa ndiye anayetupangia saa. Nimemtumikia Bosi miaka kumi na tisa. Najua kwa mlio tu kama mpira wa mlango wake umechoka. Mkuu wa chumba alipostaafu niliachiwa funguo nikaitwa kaimu, na kaimu nikabaki.

Mwezi wa pili mwaka huu Metroni aliniita ofisini kwake akafunga mlango. Ni mwanamke mwenye haki, anapokuwa na habari mbaya hukupa kiti kwanza. Alinieleza kwamba waraka umetoka: mkuu wa chumba kama chetu sasa lazima awe na cheti cha udhibiti wa maambukizi kutoka chuo kikuu. Chuo kinaitoa kozi hiyo kwa mtandao, hakuna darasa wala mwalimu wa kukusimamia, unajisomea mwenyewe miezi minne kisha unafanya mtihani. Nikifaulu, chumba ni changu kwa jina na kwa haki. Mwezi wa sita ukiisha sina cheti, ataletwa mwingine, na mimi nitamfundisha palipo na swichi.

Nilifika nyumbani moshi unanitoka puani. Kwa bahati Karani alikuwa likizo ya siku nne, na watoto wetu wawili wako bweni, kwa hiyo maneno yote yalimwangukia yeye. Nilimwambia miaka kumi na tisa nimeshika vyombo vya moto, leo karatasi ndiyo itakayosema kama najua kazi. Alinisikiliza huku akinipokea sufuria moja moja nilizokuwa nikizibwaga mezani. Nilipofika kwenye neno kujisajili, nikaona macho yanamwaka. Hasira zote zile hazikumtisha, alichosikia ni kwamba kuna fomu.

Jumamosi nzima aliifanyia kazi hiyo. Kwanza aliandika kila kitu kwenye karatasi, ndipo akaanza kukihamishia kwenye simu. Alikwenda steshenari kupiga picha vyeti vyangu, akarudi, akaenda tena kwa sababu pembe moja ya cheti ilikuwa imekatika. Mimi nilikuwa nimejilaza chumbani baada ya zamu, na kila nusu saa sauti yake ilinijia ikiuliza nilimaliza shule mwaka gani, namba ya kitambulisho changu inaishia na ngapi. Mwishowe usingizi ulinizidi nguvu.

"Kuna maswali mengine hapa ya kwako wewe," aliita.

"Andika unachojua," nikamjibu, nikajifunika shuka.

Jioni alinikabidhi karatasi yenye neno langu la siri, limepigiwa mstari kwa rula. Aliniambia mimi sasa ni mwanafunzi wa chuo kikuu. Sikuwa nimewahi kuitwa hivyo na mtu yeyote, nikamkumbatia palepale, na rula yake mkononi. Jumatatu akapakia shehena ya mabati akaondoka.

Jumanne jioni nilikaa mezani nikafungua ukurasa wa chuo. Ukaniuliza jina, nikaandika. Neno la siri, nikaandika. Kisha ukaniambia kwamba, kwa usalama wangu, umetuma namba sita kwenye simu yangu inayoishia na arobaini na saba. Simu yangu inaishia na kumi na mbili. Arobaini na saba ilikuwa kwenye lori, kilomita mia nne kutoka pale, na mwenyewe hapokei simu akiwa kwenye usukani hata apigiwe na rais. Alipopata pa kusimama akanipigia, dakika kumi zilikuwa zimeshapita, na zile namba zikipitisha dakika kumi zimekufa.

Nilimpa vidonge vyake. Nilimuuliza ni nani anayesoma, ni mimi au lori. Akaningoja nimalize, kisha akasema kwa utulivu wake ule unaoudhi, "Fomu iliuliza namba ya simu, mama watoto. Nikaandika namba ya simu."

Kuibadilisha kulikuwa na utaratibu. Unajaza maombi, unaambatanisha kitambulisho, unasubiri siku saba za kazi, na muda wote huo akaunti imefungwa. Lakini kanuni nyingine ilisema mwanafunzi asiyefungua somo la kwanza ndani ya siku kumi anapoteza nafasi yake, na siku tatu zilishakwenda. Hatukuwa na la kufanya. Tukakubaliana kwamba kila siku saa kumi na mbili asubuhi, kabla hajawasha injini, mimi nibonyeze, namba zimfikie yeye, anipigie anisomee. Nikishaingia, ukurasa unabaki wazi mradi niwe naugusa. Ningesoma mpaka saa moja na nusu, kisha niende kazini.

Wiki ya kwanza ilikuwa namba tu. Simu inalia, anauliza, "Uko tayari? Andika," ananisomea moja moja na kuzirudia, namwambia nimeingia, nakata. Sikuwa na muda wa maneno mengine. Somo la kwanza lilikuwa kurasa thelathini na moja za kunawa mikono, nami nilizisoma kwa chuki, nikitafuta mahali chuo kimekosea ili nikitukane.

Wiki ya pili aliniuliza leo nasoma nini. Nikamwambia bado nanawa. Akataka kujua mtu anawezaje kunawa kurasa thelathini, nikamweleza habari ya vidole gumba, kwamba karibu kila mtu huvisahau, na habari ya kucha na mgongo wa mkono. Kesho yake akaniambia amenawa kwenye kituo cha mafuta kwa kuhesabu hadi arobaini, na madereva wawili waliokuwa nyuma yake wamemuuliza kama ana mgonjwa. Nilicheka mpaka nikakaribia kupitisha zile dakika kumi.

Tangu hapo ikawa ndiyo desturi. Ananisomea namba, naingia, halafu tunaongea kidogo. Nilimwambia kwa nini chombo chenye bawaba lazima kifunguliwe kabla ya kuingizwa kwa Bosi, na kwamba jambo hilo nimelifanya miaka kumi na tisa bila kujua sababu yake, sasa naijua. Yeye alinieleza ukungu ulivyo asubuhi kule juu milimani, na jinsi mwenzake mmoja alivyolala na kiatu kimoja mguuni. Aliniuliza maswali ya maana. Siku nyingine alikumbuka somo la juzi kuliko mimi, nami nikalirudia ili asinipite.

Mtu asiyeolewa na dereva hawezi kuelewa. Tumeoana miaka ishirini na miwili, na siku tulizolala chini ya paa moja ukizijumlisha hazifiki miaka saba. Simu zetu zilikuwa zimeshakuwa za kupeana taarifa: gesi imeisha, shule wamepiga, umekula, haya. Nilidhani ndivyo ndoa inavyokuwa ikikomaa. Sasa nilikuwa naamka kabla ya saa, natandika kitanda, nakaa mezani na kalamu nikingoja kusomewa namba.

Hapa nina la kukiri. Somo la kwanza lilipokwisha, hakuna kilichonizuia kujaza yale maombi. Siku saba zisingenidhuru tena, maana kozi ni ya kujisomea na nilikuwa mbele ya ratiba. Niliufungua ule ukurasa, una nafasi kumi na mbili tu za kujaza, nikaufunga. Nikajiambia ni uvivu wangu wa fomu. Nilikuwa najidanganya mchana kweupe, kwa sababu nilichotaka ni ile simu ya saa kumi na mbili.

Bi Pamba aliligundua. Huyu ndiye anayekunja shashi za kufungia vidonda kazini kwetu, amenizidi umri kwa miaka minane na hapitwi na kitu. Aliniuliza siku hizi naingia kazini nikiimba nimekula nini, nikamweleza yote. Hakucheka. Alinishauri nibadilishe namba wakati mambo ni shwari, kwa sababu barabara haina adabu. Nikatia pamba masikioni, tena pamba yake mwenyewe.

Mtihani ulipangwa kufunguliwa Jumatatu saa mbili asubuhi na kufungwa Jumanne saa sita mchana. Ni wa saa mbili, ukiuanza huwezi kuuacha. Jumatatu ilikuwa siku yangu ya mapumziko, na Karani alitakiwa awe ameshafika mjini kushusha mzigo. Jumapili asubuhi aliniahidi kwamba saa mbili kamili atakuwa ameketi na chai mkononi, simu mezani, hata chooni haendi.

Jumatatu saa mbili nikabonyeza. Kimya. Nikasubiri dakika kumi, nikabonyeza tena. Nikampigia, sauti ya yule dada wa mtandao ikaniambia namba ninayopiga haipatikani kwa sasa. Nikabonyeza, nikapiga, nikabonyeza. Hadi kufika saa nne sikuwa nafikiria mtihani tena. Nilikuwa naliona lori liko chali mtaroni, magurudumu juu.

Nilipigia ofisi ya kampuni yake ya malori. Aliyepokea akanieleza kwamba daraja limepata ufa, malori yote yamegeuziwa njia ya zamani inayozunguka milima, na huko hakuna mtandao kwa siku mbili. Madereva wote walihesabiwa kwenye kizuizi cha barabara Jumapili jioni na wako salama. Nikamuuliza ana hakika gani. Akasema orodha anayo, imeandikwa vizuri sana, kwa rula. Nikajua kwamba mume wangu yu hai, nikalia, na nilipomaliza kulia nikarudiwa na hasira zangu zote.

Nikakigeukia chuo. Niliandika barua pepe, nikajibiwa na mashine kwamba nitajibiwa ndani ya siku tatu. Nilipigia dawati la msaada, nikawekewa muziki wa kinanda mpaka ofisi ikafungwa saa kumi. Usiku huo sikumlaumu Karani. Nilijilaumu mwenyewe, kwa sababu zile nafasi kumi na mbili zingenichukua robo saa, na nilikuwa nazo wiki kumi.

Jumanne ilikuwa zamu yangu. Bi Pamba aliponiona tu akachukua orodha ya vyombo mkononi mwangu akaniambia nijifungie kwenye kiofisi na simu yangu, chumba atakiangalia yeye. Saa mbili nikaanza kusikiliza kinanda. Mtihani unafungwa saa sita na unataka saa mbili kamili, kwa hiyo mwisho wangu wa kuingia ulikuwa saa nne. Kupitia kioo nilimwona Bosi akipandisha mvuke, na saa ya ukutani juu yake. Saa tatu na nusu kinanda kikaacha, binti mmoja akanisalimu.

Nilimweleza haraka na kwa adabu kuliko kawaida yangu. Akasema pole, mama, hilo linawezekana, anaweza kubadilisha namba sasa hivi kwa simu, mradi nijibu maswali ya usalama niliyoyaandika mwenyewe siku ya kujisajili.

"Niliyaandika mimi?" nikauliza.

"Ndiyo, mama. Hapa yanaonekana yamejibiwa yote."

Ndipo nikakumbuka shuka na usingizi wa Jumamosi ile. Akaniuliza tarehe ya kuzaliwa, nikamtajia. Namba ya kitambulisho, nikamtajia. Akasema limebaki moja tu, na kwa hilo nina nafasi mbili. Nikikosa zote, mfumo utafunga, itabidi nifike chuoni mwenyewe na vitambulisho, na mtihani mwingine ni mwaka ujao.

"Swali linasema hivi: ulipokuwa mtoto, ulitaka kuwa nani ukikua?"

Nikashusha pumzi. Hilo nani asiyelijua? Nilitaka kuwa nesi, alama hazikutosha, nikaishia kutakasa vyombo vya manesi. Mama yangu analijua, dada zangu wanalijua, Metroni mwenyewe nilimweleza siku ya usaili. Nikasema nesi.

"Samahani, mama. Sivyo ilivyoandikwa."

 Nikamuomba dakika moja, akanipa. Kwenye kioo ilikuwa saa tatu na dakika arobaini na mbili. Bi Pamba alikuwa amesimama ananitazama, na shashi mkononi haikunjwi.

Nikajaribu kumfikiria Karani amekaa mezani siku ile, kalamu nyeusi mkononi, ananiita na mimi namwambia aandike anachojua. Pengine aliandika daktari ili kunipandisha cheo, pengine mwalimu, kama wasichana wengi. Lakini huyo hakuwa yeye. Mume wangu hakisii kwenye fomu. Nafasi asiyo na hakika nayo huiacha wazi na kuizungushia duara la penseli. Kama aliandika, basi aliandika kitu alichokisikia kwa masikio yake kutoka kinywani mwangu. Kwa hiyo nikaacha kujiuliza nilitaka kuwa nani, nikajiuliza nilimwambia nini.

Ikanijia mvua. Tulikuwa na mwezi mmoja kwenye ndoa, amenichukua safari ili nione kazi yake, tumekwama kwenye foleni ya mizani saa sita nzima, maji yanapiga kioo na hatuna redio. Tulikuwa bado tunaoneana haya. Alinitaka nimwambie kitu ambacho hajamwambia mtu mwingine yeyote. Nikamwambia kwamba nesi ni jibu la kuwafurahisha wazazi, na kwamba nilipokuwa mdogo kaka zangu wanacheza mpira nyuma ya nyumba, mimi nilitaka kile kipyenga. Nilitaka kukimbia katikati ya wanaume wakubwa wenye hasira, nitoe kadi mfukoni, na waende nje. Nilijiandaa kuchekwa, hakucheka. Aliwaza kidogo akasema ningeiweza ile kazi. Foleni ikasogea, akawasha gari, na jambo hilo halikutajwa tena kwa miaka ishirini na miwili.

"Binti yangu," nikasema, "andika refa. Refa wa mpira."

Nikasikia vidole vyake kwenye kompyuta.

"Ndiyo, mama," akasema, na sauti yake ilikuwa na tabasamu. "Refa. Nipe namba yako mpya."

Nilimpa inayoishia na kumi na mbili, nikairudia mara tatu. Muda si muda simu ikatetemeka kiganjani, na namba sita zikaingia kwangu kwa mara ya kwanza. Hazikusomwa na mtu. Niliziandika mwenyewe, nikaingia saa nne kasoro dakika saba, na Bi Pamba akavuta kiti akakaa nje ya mlango wangu na kumjibu kila aliyekuja kwamba kuna vitu vinatakaswa humu ndani.

Swali la kwanza lilikuwa la kunawa mikono. Nikawaona madereva wawili kwenye foleni ya bomba, nikaandika. Nilipofika kwenye vyombo vya bawaba sikuhitaji hata kufikiri, kwa sababu nilishayaeleza yote hayo kwa sauti, asubuhi moja moja, kwa mtu aliyekuwa akitaka kujua. Nilimaliza zimebaki dakika tisa. Matokeo yakatokea palepale: themanini na moja. Bi Pamba aliniomba nimsomee tena, kisha akaenda kumweleza Metroni kabla sijamaliza kuvaa aproni.

Jumatano saa kumi na mbili kasoro dakika kumi simu ililia. Alikuwa yeye, anahema, na nyuma yake malori yananguruma.

"Mtandao umerudi sasa hivi. Namba zako zimeingia zote. Uko tayari? Andika."

Nilitaka kumkatiza. Lakini alishaanza, na sauti yake sikuwahi kuisikia hivyo, ilikuwa ya mtu anayebeba maji kwa viganja. Zilikuwa seti kumi na nne za namba sita sita, zote zimekufa tangu Jumatatu, na yeye alilijua hilo kuliko mimi. Alizisoma kwa mpangilio, kila moja mara mbili, akingoja kidogo baada ya kila moja niseme nimeingia. Nami nilichukua ile karatasi ya neno la siri, nikaigeuza, nikaziandika zote.

"Hata moja haikukubali," akasema mwishoni. Halikuwa swali. "Nimekuharibia, mama watoto."

"Nimefaulu," nikamwambia. "Jana. Themanini na moja. Chumba ni changu."

 Nikamweleza habari ya kinanda na ya yule binti, na ya swali.

"Nilijibu nesi, wakanikatalia," nikasema. "Baba watoto, ulikumbuka refa."

"Uliniambia niandike ninachojua."

 Nilikuwa nimeishi na mtu huyu miaka yote hiyo nikidhani kilichomo kichwani mwake ni mizani na matairi, na kumbe kitu changu nilichokisahau mimi mwenyewe alikuwa amenitunzia. Nikamwambia nampenda. Kwetu sisi maneno hayo hayasemwi kabla ya chai, na yeye akakohoa akasema kwamba na yeye vilevile.

Kisha nikamwambia namba imebadilishwa, sasa ni yangu, na kozi ijayo nikiichukua sitahitaji kumsumbua. Akasema ni vizuri, ndivyo ilivyotakiwa tangu mwanzo, kosa lilikuwa lake. Nikasikia mlango wa lori unafunguliwa, halafu haufungwi.

"Sasa kesho saa kumi na mbili nitakupigia nikwambie nini?" akauliza.

"Utajua mwenyewe. Piga. Refa ameshaamua."

Alicheka, akawasha injini. Kesho yake niliamka kabla ya saa, nikatandika kitanda, nikakaa mezani na kalamu.